Boksi la Spana Halitengenezi Fundi Mitambo

Kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kuna ushauri mmoja unaozunguka Tanzania nzima. Mama anamwambia mwanawe sebuleni, mwalimu mkuu anausema kwenye kikao cha wazazi, mbunge anaurudia jukwaani: kama hukufanya vizuri usihuzunike, nenda chuo cha VETA ukachukue ufundi, utajiajiri. Husemwa kwa huruma, na siku ya mahafali mgeni rasmi huukamilisha kwa kumkabidhi kijana boksi la spana mbele ya kamera. Umesemwa mara nyingi mno hata umekaa kama kanuni, na sijaona mtu akisimama kuupinga. Mimi naupinga. Naupinga mwanzo wake na mwisho wake, kwa sababu kwa kazi ya fundi mitambo wa kiwandani ushauri huo una makosa mawili makubwa: unamwingiza kwenye kazi hiyo mtu ambaye hakuna aliyejali kumwandaa, kisha unamtoa mahali pekee ambapo angeweza kuijifunza.

Nikisema fundi mitambo namaanisha yule ambaye viwandani wengi humwita fita. Ndiye anayeipokea mashine ikiwa bado ndani ya makasha, akaiweka juu ya msingi wake wa zege, akaisawazisha, akaunganisha mota na giaboksi na pampu, kisha akaiwasha. Baada ya hapo huishi nayo miaka mingi. Huijua sauti yake, joto lake na mtetemo wake, na siku inapokufa ndiye anayeitwa saa nane za usiku. Kiwanda cha saruji, cha sukari, cha bia, cha nguo, mgodi, bandari, kituo cha kufua umeme, vyote vinamtegemea mtu huyu, na vyote vinamhitaji kuliko anavyoonekana kwenye hotuba zetu.

Nianze na hilo la kufeli.

Chukua pampu ya kawaida inayosukuma maji ya moto kiwandani. Mota iko upande mmoja, pampu upande wa pili, katikati kuna kapulingi inayounganisha shafti ya mota na ya pampu. Shafti hizi mbili zinatakiwa kukaa kwenye mstari mmoja. Kwa mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, fundi makini hataki zipishane kwa zaidi ya milimita 0.06 hivi, yaani chini kidogo ya unene wa unywele wa binadamu. Anafunga dayo geji kwenye kapulingi, anazungusha taratibu, anasoma juu, chini, kushoto na kulia, anakata vipande vyembamba vya bati na kuviweka chini ya miguu ya mota mpaka namba zikubali. Msomaji atadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Chuma kikipata joto hurefuka, na mita moja ya chuma hurefuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pampu iliyokaa kwa miguu, ambayo kitovu cha shafti yake kiko nusu mita juu ya msingi, ikipanda joto kwa nyuzi 60 itainuka kwa milimita 0.36. Mota haipandi joto kiasi hicho. Maana yake ni kwamba fundi aliyezilinganisha sawasawa asubuhi zikiwa baridi atakuwa amezipishanisha mara sita ya kiasi kinachovumilika mara tu maji ya moto yatakapoanza kupita, ingawa hajakosea kipimo hata kimoja. Fundi anayejua kazi huiweka pampu chini kwa makusudi, kwa kiasi alichokipigia hesabu, ili joto lenyewe liipandishe mpaka mahali pake.

Hebu tuiangalie hesabu hiyo kwa makini. Ndani yake kuna fizikia ya kidato cha tatu, kuna desimali, kuna uwiano, kuna kusoma mchoro, na kuna uamuzi ambao hautolewi na kitabu kwa sababu kila pampu ina mabomba yake na kila msingi una tabia yake. Na fundi asipoipiga, gharama inajulikana. Beringi za tufe zina sheria kali: mzigo ukiongezeka maradufu, maisha ya beringi hayapungui nusu, hubaki moja ya nane. Beringi iliyokusudiwa kudumu miaka minane itakwisha kwa mwaka mmoja. Hapo ofisi ya manunuzi huandika kwamba beringi ilikuwa mbovu, ikaagizwa nyingine, nayo ikaungua, ikaagizwa ya tatu, na mwishowe lawama zote akabebeshwa muuza spea wa Kariakoo. Ni kweli beringi bandia zipo sokoni. Lakini nyingi zinazotupwa kwenye pipa la vyuma chakavu zilikuwa halali kabisa. Zimeuliwa na shafti iliyopishana, au na bomba lililofungwa kwa nguvu likaivuta pampu upande, au na nyundo. Beringi hupashwa moto wa nyuzi kama 110, ikatanuka, ikaingia kwenye shafti bila kugongwa. Asiyefundishwa huigonga, na kila pigo huacha alama ndogo kwenye njia ya tufe ambayo jicho haliioni lakini mashine itaisikia.

Hii ndiyo kazi tunayoiita kimbilio la walioshindwa na hesabu.

Sisemi kwamba kijana aliyepata ziro hawezi kuwa fundi mitambo mzuri. Anaweza, na wapo. Wengi walifeli kwa sababu shule yao haikuwa na mwalimu wa fizikia tangu kidato cha kwanza, na kosa hilo si lao. Ninachosema ni kwamba fizikia ile aliyoikosa haikwepeki. Itamngojea kiwandani. Mtu anayemwambia kijana kwamba ufundi hauhitaji masomo anampeleka vitani bila ngao, na anamwambia mwalimu wa chuo cha ufundi kwamba hana haja ya kumfundisha hesabu kwa kuwa amekuja kujifunza kwa mikono tu. Nimewaona walimu wa karakana wanaoanza kozi kwa kurudia sehemu na desimali kwa wiki kadhaa, bila kitabu cha kiada na bila mtu wa kuwashukuru. Hao ndio wanaoiheshimu kazi hii kuliko wote wanaoihutubia.

Na wapo wanaodhani kwamba uamuzi mgumu kiwandani ni wa injinia na fundi ni mtu wa kutumwa. Waende kwenye kiwanda cha saruji, Wazo Hill, Tanga, Mbeya au Mtwara, walitazame tanuri. Ni bomba kubwa la chuma lenye urefu wa makumi ya mita, limelala kwa mteremko mdogo, linazunguka polepole usiku na mchana huku ndani yake klinka ya saruji ikiiva kwenye joto la takriban nyuzi 1,450. Tanuri hilo likisimama ghafla likiwa na moto, haliruhusiwi kuachwa lilivyo, kwa sababu uzito wake wenyewe utalipinda. Lazima ligeuzwe kidogo kidogo kwa injini ya akiba, kwa vipindi vilivyopangwa, mpaka lipoe. Umeme unapokatika usiku, injinia mkuu yuko nyumbani. Anayeamua katika dakika chache za kwanza ni fundi wa zamu. Akikosea, kiwanda kitasimama kwa wiki na bei ya mfuko wa saruji itahisiwa na mtu anayejenga chumba na sebule Singida.

Kwenye sukari uzito wa kazi hii unamfikia mkulima moja kwa moja. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na hautakiwi kukaa zaidi ya siku moja au mbili kabla ya kukamuliwa. Kilombero, Mtibwa na Kagera kuna wakulima wa nje wanaolima miwa yao wenyewe na kuiuza kiwandani, na malipo yao hufuata sukari iliyomo. Kinu kikisimama kwa sababu ya giaboksi iliyofungwa ovyo, hasara haiishii kwa mwenye kiwanda. Inaingia kwenye ada ya shule ya mtoto wa mkulima ambaye hajawahi kuiona giaboksi maishani mwake. Ndiyo maana miezi ile ya masika kinu kinapopumzika, kikafunguliwa chote na kukaguliwa rola kwa rola, ndiyo miezi muhimu kuliko yote. Matengenezo yakifanywa vizuri msimu unakwenda. Yakifanywa na vibarua waliookotwa getini, msimu mzima unakuwa wa kukimbizana na moshi.

Wenzetu wanaoishi kwa viwanda waliliona hili zamani. Ujerumani, kijana anayetaka kuwa fundi mitambo wa viwandani hujifunza kwa miaka mitatu na nusu, sehemu ya wiki akiwa chuoni na sehemu kubwa akiwa kiwandani, na kiwanda humlipa posho tangu siku ya kwanza kwa mkataba ulioandikwa. Akiendelea akapata cheti cha ufundi bingwa, Meister, mfumo wa taifa hilo wa kupanga sifa za elimu humweka ngazi ya sita, ngazi ileile ya mwenye shahada ya kwanza. Kanada, kazi hii ni miongoni mwa zile zenye mtihani wa taifa zima, na uanagenzi wake kwa kawaida huchukua miaka minne. Sitaji nchi hizi ili tuziige kila kitu. Nazitaja kwa sababu mashine wanazotuuzia ni zilezile. Mota ya Ujerumani haipunguzi masharti yake ikifika Morogoro.

Sisi tulifanya nini? Tulivichukua vyuo vyetu vya ufundi wa kati, vile vilivyokuwa na karakana kongwe na walimu waliopitia viwandani, tukavipandisha kuwa vyuo vikuu. Chuo cha Ufundi Mbeya kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Kwa wenzetu Kenya, Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilikuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Sichukii vyuo vikuu, na vyuo hivyo bado vinatoa stashahada. Lakini ujumbe uliomfikia mzazi ulikuwa wazi: kuwa chuo cha ufundi ni hali ya muda, ni ngazi ya kupandia, na chuo kikifanikiwa kinapaswa kuacha kuwa hivyo. Hakuna aliyewahi kufikiri kuipandisha hadhi hospitali kwa kuiachisha kazi ya kutibu.

Sasa nije kwenye mwisho wa ule ushauri, kwenye kujiajiri. Hapa ndipo nina hasira zaidi, kwa sababu kosa hili linafanywa na watu wanaoupenda ufundi.

Fundi seremala anaweza kujiajiri. Fundi cherehani, fundi bomba, fundi simu, fundi wa kuchomelea, wote wanaweza kupanga fremu mtaani na wakapata wateja kesho yake. Fundi mitambo anataka mitambo. Hana namna ya kujifunza kulinganisha turbini mahali ambapo hakuna turbini. Mpe kijana aliyemaliza kozi ya ufundi mitambo boksi la spana na mkopo wa halmashauri, na baada ya mwaka mmoja utamkuta wapi? Utamkuta anachomelea mageti na madirisha, au anatengeneza mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Kazi hizo ni halali na zinalisha familia, nami siwezi kumlaumu. Lakini dayo geji aliyofundishwa kuisoma hajaishika tena. Alisomeshwa kwa gharama awe mtu wa sehemu za mia za milimita, nasi tukamrudisha kwenye kazi ya kukadiria kwa macho. Miaka mitano ikipita, ule ujuzi umekufa mikononi mwake, na kwenye takwimu za chuo anahesabiwa kuwa mhitimu aliyefanikiwa kujiajiri.

Vifaa vyenyewe vinakataa. Kazi hii inahitaji winchi ya kunyanyua tani, kifaa cha kupashia beringi, mapula ya kung'olea, mashine ya kuchongea shafti, na siku hizi vipimo vya leza na vya mtetemo ambavyo bei yake ni ya gari. Hakuna kijana wa miaka 21 anayevimiliki, wala hapaswi. Kiwanda ndicho kinachovimiliki.

Watanijibu kwamba Gerezani jijini Dar es Salaam, Morogoro na kwenye mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO kuna mafundi mahiri waliojiajiri, wanachonga gia na kutengeneza mashine za kukamulia alizeti. Wapo, na nawavulia kofia. Lakini waulize wakongwe wao walijifunzia wapi. Wengi watakutajia kiwanda. Mmoja atasema nguo, mwingine reli, mwingine atasema karakana ya shirika la umma ambalo halipo tena. Walikaa humo miaka kumi, kumi na tano, wakapanda kutoka saidia fundi hadi daraja la tatu, la pili, la kwanza, ndipo wakatoka wakafungua za kwao. Kujiajiri kulikuwa tunda la ajira ndefu. Sisi tunalitaka tunda bila mti.

Na mti huo tuliukata wenyewe. Viwanda vya enzi ya Azimio la Arusha vilikuwa na kasoro nyingi, za menejimenti, za malighafi, za fedha za kigeni, na sitazitetea. Lakini kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, viwanda vya nguo vya Mwanza na Musoma, viwanda vya Morogoro, karakana za reli ya TAZARA, vilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mizania: vilizalisha mafundi. Kijana aliingia akiwa hajui kushika tupa, akawekwa chini ya mzee mmoja mkali, akapiga chuma tupa kwenye jiriwa mpaka kikawa mraba kamili, na hakuruhusiwa kugusa mashine kabla ya hapo. Ubinafsishaji ulipokuja miaka ya 1990, wathamini walipita wakihesabu majengo, ardhi na mashine. Mafundi hawakuwa na thamani kwenye daftari lile. Wengine walilipwa kiinua mgongo kidogo wakarudi vijijini, na baadhi ya viwanda vikageuzwa maghala. Tumeandika sana kuhusu viwanda vilivyokufa. Shule zilizokufa ndani yake hatujaziandika, na hizo ndizo ambazo mwekezaji hawezi kuzileta kwenye kontena.

Kuna hoja mbili za upinzani ninazoziheshimu. Ya kwanza ni ya mshahara. Mzazi ananiambia: maneno yako mazuri, lakini fita wa kiwandani ninayemjua ni kibarua mwaka wa sita, analipwa kwa siku, na mtoto wa jirani mwenye shahada anakaa ofisini kwenye kiyoyozi. Mzazi huyo anasema kweli. Viwanda vingi vinawaweka mafundi kwenye ukibarua usio na mwisho, na ni aibu. Lakini tazama kinachoifanya aibu hiyo iwezekane. Kama taifa zima linaamini kwamba fundi ni mtu aliyefeli na yeyote anaweza kuchukua nafasi yake, mwajiri ana sababu gani ya kumlipa vizuri? Kuidharau kazi na kuilipa kidogo ni jambo moja lenye pande mbili. Rubani analipwa kwa leseni inayoaminika. Fundi naye atalipwa siku cheti chake kitakapokuwa na maana ambayo mwenye kiwanda hawezi kuipuuza. Na nimwambie mzazi huyo jambo lingine: wenye shahada wasio na kazi ni wengi mtaani kwake, kiyoyozi hicho hakiwatoshi.

Hoja ya pili ni kwamba mashine za sasa zinaendeshwa na kompyuta, kwa hiyo fundi wa spana amepitwa na wakati. Hii inasemwa na watu ambao hawajafungua mashine ya kisasa. Kompyuta itakuambia kwamba beringi namba fulani inatetemeka kupita kiasi. Haitaingia chini ya konveya kuibadilisha. Tena kadiri mashine inavyokwenda kasi na kwa vipimo vya karibu, ndivyo kosa la mkono linavyokuwa ghali. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Tulisherehekea kila mmoja ulipowashwa. Mitambo hiyo ina shafti, beringi, sili, vali na mifumo ya mafuta, na itahitaji kufunguliwa, kukaguliwa na kufungwa tena kwa miaka mingi kuliko umri wa wote waliohudhuria uzinduzi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina magurudumu yanayolika na giaboksi zinazochoka kama treni nyingine yoyote. Nani atazihudumia mwaka 2045? Kijana huyo ana umri wa kuanza kujifunza sasa hivi.

Naongeza jambo moja ambalo halisemwi kabisa, nalo ni uhai. Kabla fundi hajaingiza mkono ndani ya mashine, anatakiwa azime umeme, afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe, atundike kibao chenye jina lake, na ufunguo auweke mfukoni mwake, asimpe mtu. Kisha ajaribu kuiwasha ili ahakikishe imekufa kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, lakini kufuli halijifungi. Kijana aliyefundishwa wiki chache na kupewa spana hajui kwamba konveya iliyosimama inaweza kurudi nyuma kwa uzito wake, wala kwamba mtungi wa hewa bado una nguvu baada ya kompresa kuzimwa. Wanaosema ufundi huu ni rahisi wajue kwamba urahisi huo unahesabiwa kwa vidole na mikono ya watoto wa watu.

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali pembeni ya mkondo wa jumla. Nautakia heri, na ninauogopa. Tayari nasikia wazazi wakiuliza kama mtoto wao "ameangushiwa" amali. Shule ikiupa mkondo huo wanafunzi iliowakatia tamaa na karakana isiyo na jiriwa hata moja, tutakuwa tumeuchukua ule ushauri wa sebuleni na kuupiga muhuri wa serikali. Mwalimu mkuu anayesoma hapa ana uwezo wa kufanya kinyume: ampeleke kwenye amali mwanafunzi anayependa hesabu na mwenye subira, na amweleze baba yake kwa nini. Ampeleke pia msichana. Vipimo vya milimita havijali nani anavisoma, na tani huinuliwa na winchi.

Mfano wa kwetu tunao. VETA Moshi iliwahi kuendesha mafunzo ya ufundi wa migodini kwa kushirikiana na kampuni za madini, ambapo vijana walisoma chuoni kisha wakaenda mgodini kufanya kazi chini ya mafundi wazoefu, wakarudi darasani, wakaenda tena. Migodi ilikubali kwa sababu ilihesabu gharama ya kusimamisha mtambo mmoja kwa siku moja, ikaona kijana wa kujifunza ni nafuu. Sukari, saruji, bia na nguo zinaweza kupiga hesabu hiyohiyo. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kila mwezi na wanalalamika kwamba hawaioni faida yake. Waidai kwa namna ya wanagenzi: wawaambie VETA wanataka vijana wangapi, kwa kazi gani, kwa miaka mitatu, kwa mkataba na posho, na wapunguziwe tozo kwa kila mmoja wanayemfikisha kwenye mtihani wa mwisho.

Na serikali ina sheria mkononi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri anayeomba kibali cha mtaalamu wa kigeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Kila mwaka viwanda vyetu vinaleta mafundi kutoka nje kwa ajili ya matengenezo makubwa, wanafungua, wanafunga, wanaondoka, na wenyeji waliosimama karibu nao walikuwa wanashika tochi. Namwomba Kamishna wa Kazi asikubali tena mpango wa urithishaji ulioandikwa kwa maneno ya jumla. Adai majina. Kwa kila fundi mitambo mgeni anayeingia, kuwe na wanagenzi wawili wa Kitanzania waliotajwa kwa majina na chuo walichotoka, watakaofanya naye kazi kwa mikono yao kuanzia bolti ya kwanza hadi mashine inapowashwa, na kibali kinachofuata kisitolewe kabla wawili hao hawajapimwa.